Kirikuu Amekula Nini?

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia mstari huu hadi wa mwisho. Naapa kwa mundu wangu, naapa kwa mgongo wangu unaouma, tena naapa kwa greda la serikali nililoliendesha miaka thelathini na moja katika barabara ya Kasulu na Kibondo. Mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo, akikuta humu neno moja la uongo, basi mimi Habonimana nitapanda mlima kila asubuhi, mwezi mzima, nimkatie majani punda wa Salumu. Hayo niliyatamka mbele ya darasa la sita, na Mwalimu akayaandika ubaoni kwa chaki nyekundu ili nisije nikayaruka.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nilijifunza mwenyewe, kwenye vibao vya barabarani na magazeti ya kufungia sukari. Kwa hiyo mkikuta nukta imekaa vibaya, nisameheni. Nukta si uongo.

Haya, twende. Asmahani ni binti wa Salumu, jirani yangu hapa Busunzu. Wakati wa mambo haya alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku yake ilianza hivi: kufagia uwanja, kuosha vyombo, kumnywesha punda, kisha shule. Punda mwenyewe ni jike wa kijivu, ncha ya sikio lake la kushoto imechanika. Salumu alimleta kutoka Kahama akiwa bado mdogo. Watoto ndio waliompa jina la Kirikuu, kama vile vigari vidogo vya mizigo ambavyo ukiviona utadhani haviwezi kubeba hata kabati, kumbe vinahamisha nyumba nzima. Kirikuu alibeba maharage ya watu kwenda gulioni, akabeba mahindi, akabeba kuni, na siku moja alimbeba bi harusi aliyevunjikiwa kisigino cha kiatu njiani.

Kila asubuhi Asmahani alimsalimia kama mtu. "Umeamkaje, Kirikuu?" Naye Kirikuu hupiga sikio moja, lile lililochanika. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kisha ikaja Aprili. Mvua ilinyesha siku tisa bila kupumzika. Jumapili saa sita mchana mto ukaacha njia yake ukaja kututembelea majumbani. Samaki waliingia darasa la nne, lile la chini kabisa ya mteremko, wakakaa kwenye madawati wawili wawili. Mwalimu anasema alikuwa kambare mmoja tu, tena chini ya dawati. Sawa, alikuwa mmoja. Narekebisha mapema kabla hamjanidaka. Lakini darasani alikuwamo.

Yaliyofuata hayakuwa ya kuchekwa. Salumu alikata kamba ya Kirikuu kwa mundu, akawapandisha watoto wawili wa jirani mgongoni mwa punda, akamshika Asmahani mkono, wakakimbilia juu shuleni. Nyuma yao jiko likaanguka, kisha ghala, kisha ukuta wa chumba cha kulala. Shamba la maharage likawa uwanja wa matope. Katika mali yote ya Salumu, kilichobaki kikipumua ni Kirikuu.

Familia arobaini na tatu tulihamia shuleni. Visima vya bondeni vilijaa maji yaliyopitia vyooni, na watoto wawili walianza kuharisha. Mhudumu wa afya alipita darasa kwa darasa akituonya: anayeyapenda maisha yake asinywe maji ya chini. Maji safi yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye chemchemi ya juu mlimani. Daraja lilikuwa limekwenda na maji, pikipiki zilizama matopeni hadi kwenye tangi. Aliyeweza kupanda na kushuka ule utelezi akiwa na mzigo alikuwa na miguu minne. Kila siku Kirikuu alikwenda safari sita, kila safari madumu manne. Familia arobaini na tatu zilikuwa zinakunywa kutoka mgongo mmoja.

"Kirikuu akianguka," Salumu alimwambia binti yake, "tutakunywa nini, mwanangu? Kwa hiyo wewe kazi yako ni moja: majani. Ya bondeni usiyaguse, yamelala kwenye uchafu. Panda mlima, uipite chemchemi, ukate yale masafi ya juu."

"Sawa, baba."

Siku nane Asmahani alipanda. Kwenda na kurudi ni saa nzima, matope yakimvua kandambili, mzigo kichwani ukimchuruzia maji shingoni. Alikuwa akirudi na vidole vimenyauka kama vya mtu aliyefua nguo za kijiji kizima. Siku ya tisa, Alhamisi, alichoka.

Nayo Alhamisi hiyo ilikuwa na mambo mengi. Tulikuwa tumeambiwa kwamba Daktari Nasma, daktari wa mifugo kutoka Kibondo mjini, angefika na sanduku lake la dawa kutibu wanyama wa kazi walioumizwa na mafuriko, na kuwasaidia wenye wanyama hao. Wenye punda kutoka kijiji cha Murungu walishaanza kuingia uwanjani na punda wao waliochubuka migongo. Kule mtoni nako vijana walikuwa wakivuta magogo ya daraja la muda. Ange, rafiki yake Asmahani, akaja mbio.

"Asma! Njoo uone! Gogo limewavuta watu watano matopeni. Hata mwenyekiti wa kitongoji kaanguka kwa makalio!"

"Sijakata majani."

"Utakata baadaye. Mwenyekiti haanguki kila siku."

Asmahani akautazama mundu wake, akautazama mlima. Wingu lilikuwa limekalia kilele. Kisha macho yake yakaenda nyuma ya jiko la shule, alipokuwa amekaa Mama Ange akimenya muhogo.

Ulikuwa muhogo mchungu, aliouwahi kuung'oa shambani kabla haujaozea ndani ya maji. Muhogo wa namna hiyo kwetu hauliwi hivi hivi. Humenywa, ukalowekwa siku nne kwenye mashimo ya kando ya kijito, ukaanikwa hadi ukauke, ndipo ukatwangwa unga. Lakini mashimo yote yalikuwa yamefukiwa na mafuriko. Mama Ange alikuwa anamenya tu ili mkono usikae bure, na maganda yalikuwa yamefika usawa wa magoti yake.

Hapo Asmahani akakumbuka hadithi aliyosikia siku mbili kabla. Kuna mzee mmoja mgeni, mtu wa Rungwe Mpya, alipita pale shuleni akawapigia watoto soga. Aliwaambia hivi: "Mimi nilikuwa na punda wangu, asubuhi maganda ya muhogo mchungu, jioni maganda ya muhogo mchungu. Nguvu alizokuwa nazo! Alibeba magunia kumi na mawili kutoka Kasulu hadi Kibondo, na njiani akalipita lori. Dereva akampigia honi kwa heshima." Watoto walicheka hadi wakalala chini. Mzee huyo jina lake silijui. Tuendelee.

"Mama," Asmahani aliuliza, "maganda haya unayatupa?"

"Ego, ndiyo, nitayafukia baadaye, mbuzi wasiyaone," alijibu Mama Ange bila kuinua kichwa. Kuna mtu alikuwa anamwita upande wa pili, akanyanyuka akaenda.

Asmahani akajaza beseni. Akalipeleka nyuma ya darasa la saba, Kirikuu alipokuwa amefungwa kivulini baada ya safari nne za asubuhi. Punda akanusa, akageuza kichwa pembeni. Akanusa tena. Tumbo lilikuwa tupu na madumu yalikuwa yanamngoja. Akaanza kula.

"Kula, mama," Asmahani alimwambia. "Jioni nitakuletea ya mlimani."

Wakaenda mtoni. Mwenyekiti hakuanguka tena.

Waliporudi, haikuwa hata saa nzima, Salumu alikuwa amesimama kando ya Kirikuu na tandiko la magunia mkononi. Hakuwa amelifunga. Kirikuu alikuwa ametanua miguu kama anayejizuia asianguke. Mbavu zilipanda na kushuka haraka haraka, na mate yalining'inia mdomoni kama kamba.

"Umemkatia majani?" Salumu aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Ya mlimani?"

Beseni lilikuwa pale pale ukutani, limebaki na maganda kidogo. Asmahani alilisogeza kwa kisigino hadi likaingia nyuma ya kuni.

"Ya mlimani," alisema.

Salumu hakuona. Alikuwa ameweka kiganja kwenye shingo ya punda wake, akisikiliza mapigo. "Safari zimemzidi," alisema taratibu. "Nimemwua mwenyewe. Nimembebesha mno."

Ange alimtazama Asmahani, akatazama chini.

Wakati huo huo Daktari Nasma akaingia uwanjani. Alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, buti zake nzito kwa matope, sanduku begani, ushungi ameufunga nyuma ili usimsumbue. Hakusubiri kukaribishwa kiti.

"Nimeambiwa kuna punda mgonjwa. Yuko wapi?"

Wakamleta Kirikuu uwanjani, akiyumba. Watu wakajaa: wenye punda wa Murungu, akina mama wenye ndoo tupu, watoto. Sisi wazee tulikuwa barazani. Daktari akapima mapigo, akaweka sikio lake kwenye ubavu, akaupandisha mdomo wa juu wa Kirikuu akatazama fizi.

"Fizi nyekundu mno," alisema kama anayejisemea. "Zinanisumbua hizi. Amekula nini?"

"Majani ya mlimani," Salumu alijibu. "Binti yangu ndiye anayekata."

"Wewe ndiye unayekata?" Daktari alimgeukia Asmahani.

"Shikamoo, Daktari. Ndiyo."

"Marahaba. Na leo? Hakuna kitu kingine? Pumba, mahindi yaliyolowa, maganda?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Baba yake alikuwa anamtazama. Akatikisa kichwa.

"Majani tu."

"Daktari," Salumu akasema, "mtoto huyu hajawahi kunidanganya. Mengine yote yamekwenda na maji, lakini hilo bado ninalo."

Mansuri, mzee mwenye punda watatu kutoka Murungu, akapaza sauti: "Tumbo hilo! Limejisokota. Mtembezeni, msimwache alale. Baba yangu alikuwa akiwatembeza mpaka wanapona."

"Sikilizeni," alisema Daktari Nasma. "Kama ni tumbo, kutembea kutamsaidia. Kama ni sumu, kutembea kutamwua. Mimi siwezi kumwuliza punda. Kwa hiyo nauliza kwa mara ya mwisho, na mtu yeyote anayejua kitu aseme. Kirikuu amekula nini?"

Ndoo moja iligonga nyingine. Asmahani aliinua macho akatazama barazani, tulikokaa wazee. Mimi wakati huo nilikuwa nakagua kandambili zangu.

"Haya," Daktari alisema. "Mtembezeni. Taratibu."

Salumu akashika kamba mbele, Mansuri akasukuma nyuma. Kirikuu akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu ya nyuma ilikuwa inajikunja kama ya mtu aliyelewa. Hatua ya saba magoti ya mbele yakagusa matope. Wakamwinua. Akatembea tena. Pumzi yake ilisikika hadi barazani, kama msumeno kwenye ubao mbichi.

"Twende, mama, twende," Salumu alikuwa akimsihi.

Magoti yakagusa matope mara ya pili. Safari hii wanaume wanne walimwinua.

"Simameni!"

Asmahani alikuwa amekimbilia mbele ya punda, mikono ameitanua, machozi na kamasi vimechanganyika. "Simameni! Msimtembeze! Sikukata majani! Nimempa maganda ya muhogo, ya Mama Ange, yale machungu. Beseni liko nyuma ya kuni. Nimelificha mimi."

Salumu aliiachia kamba.

Daktari Nasma hakupoteza muda kumgombeza mtu. "Mlazeni. Kwa kifua, siyo ubavu. Magunia huku na huku ya kumwegemeza. Mtu yeyote asimpigie kelele. Wewe, njoo hapa. Beseni limejaa?"

"Lilijaa. Lakini alibakiza."

"Saa ngapi?"

"Gogo lilipokuwa linavutwa. Haijafika hata saa moja."

"Muhogo mchungu una sumu, na maganda ndiyo yanayozidi," Daktari alisema huku mikono yake ikifungua sanduku. "Inamzuia asitumie hewa anayovuta. Anahema hivi, lakini ndani anakosa pumzi. Nina chupa mbili za dawa yake. Mbili tu. Ningejua mapema ningekuwa nimeshamchoma."

Akanyoa kipande cha manyoya shingoni, akautafuta mshipa. Asmahani ndiye aliyekishika kichwa cha Kirikuu mapajani mwake. Dawa ya chupa ya kwanza iliingia polepole. Tulihesabu pumzi za punda. Hakuna kilichobadilika. Jicho la Kirikuu lilikuwa linatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Daktari?" Salumu alisema.

"Subiri."

Akachoma ya pili. Kisha akasimama, akajifuta mikono, akawaita wenye punda wengine mmoja mmoja, maana nao walikuwa wametembea kutoka mbali. Alisafisha vidonda vya migongo, akakwangua kwato zilizolainika kwa kukaa majini, akamwonyesha Mansuri namna ya kuweka gunia lililojazwa majani makavu chini ya tandiko ili lisichubue. Kila baada ya punda mmoja alirudi kwa Kirikuu, akapandisha mdomo, akatazama fizi.

Mara ya tatu aliporudi aligeuka ghafla. "Na muhogo wenyewe uko wapi?"

Mama Ange alishika kichwa. "Yebaba we! Uko jikoni! Mashimo yamefukiwa, Daktari, ule niliomenya jana nimeuloweka kwenye ndoo usiku mmoja tu. Nimeubandika, watoto wana njaa..."

"Nenda ukaepue! Usiku mmoja hautoshi, na kuchemsha hakuiondoi sumu yote!"

Mama Ange alikimbia na kanga ikiburura nyuma. Sufuria lilikuwa linachemka, na sahani kumi na moja zimepangwa chini tayari. Hakuna aliyekuwa ameonja. Nawaambieni, kama Asmahani angenyamaza nusu saa nyingine, tungekuwa tunalia mengine kabisa.

Asmahani hakuona hayo. Alikuwa ameinama juu ya kichwa cha Kirikuu. "Umeamkaje, Kirikuu?" alikuwa akinong'ona, ingawa ilikuwa saa tisa mchana. "Umeamkaje? Umeamkaje?"

Sikio lililochanika likapiga, mara moja.

"Daktari! Amenijibu!"

Daktari Nasma akaja, akapandisha mdomo. Fizi zilikuwa zimeanza kurudia rangi yake ya kawaida. Mbavu zilikuwa zinakwenda pole pole. Baada ya muda Kirikuu akainua kichwa kutoka mapajani mwa Asmahani, akatazama umati kama anayeuliza mnashangaa nini, na jioni kabla jua halijazama akasimama mwenyewe akanywa maji nusu ndoo. Akina mama walipiga vigelegele. Mansuri alipangusa macho akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa zamani.

Salumu alimwita binti yake pembeni. Daktari alikuwepo, Mama Ange na Ange pia.

"Nilisimama mbele za watu nikakusemea," Salumu alisema. Hakupaza sauti, na nadhani Asmahani angependa apaze.

"Nisamehe, baba. Niliogopa."

"Asmahani," Daktari Nasma alisema, akichuchumaa ili macho yao yalingane. "Kumpa maganda ulikosea kwa kutojua. Hilo linatibika. Hata watu wazima hukosea, na mimi nimekosea leo kukubali atembezwe. Lakini mnyama hana namna ya kusema kinachomuuma. Wewe uliyemlisha ndiye unayemsemea. Ulipodanganya, hukujifunika wewe tu, ulimziba mdomo yeye. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na mwishowe ulisema, mbele ya watu wote, ilipokuwa ngumu zaidi. Usisahau hilo pia." Akamgeukia Salumu. "Na wewe, bwana. Siku tatu asibebe kitu. Akianza tena, madumu mawili kila safari, siyo manne. Na Mama Ange, muhogo uloweke kwenye mapipa siku nne kamili, umwage maji, uanike hadi uvunjike kwa mkono. Njaa isiwaharakishe."

"Siku tatu," Salumu alisema, "nani atachota maji?"

"Mimi," alisema Asmahani.

"Na mimi," alisema Ange. "Maganda yalikuwa ya kwetu, na mimi ndiye niliyemwita mtoni."

Asubuhi ya Ijumaa darasa la sita lote lilipanda mlimani na ndoo. Asmahani alikwenda safari saba, na kila aliporudi alikuwa na fungu la majani masafi juu ya ndoo. Siku tatu familia arobaini na tatu zilikunywa kutoka vichwani mwa watoto, na hakuna aliyeharisha.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kuweka nukta. Niliandika vizuri, nikakunja karatasi, nikaenda kuwasomea darasa la sita. Walicheka kwa mwenyekiti, wakanyamaza kwa Kirikuu. Nikainama kupokea makofi. Asmahani akanyoosha mkono.

"Babu Habonimana, naomba kuuliza."

"Uliza, mjukuu wangu."

"Yule mzee mgeni wa Rungwe Mpya, aliyesema punda wake alikula maganda akalipita lori."

"Ehe, yule. Mtu mmoja mwongo sana."

"Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa la tano, anakula karanga zangu. Amevaa kofia hii hii uliyovaa."

Darasa likalipuka. Ange alikuwa anapiga dawati kwa viganja. "Ni wewe, babu! Ni wewe!"

"Ngojeni," nilisema. "Mgeni ni nani? Sisi sote hapa duniani ni wageni..."

"Aaaah!" walipiga kelele wote kwa pamoja. Mwalimu aligonga tu ubao kwa chaki, pale palipoandikwa kwa rangi nyekundu.

Nilivua kofia. Sikiliza, msomaji, maana hapa hakuna mzaha. Mimi sijawahi kuwa na punda maisha yangu yote. Nilikuwa na baiskeli, nayo ilikuwa ya kaka yangu. Soga ile niliitunga ili watoto wacheke kidogo, siku zilikuwa za huzuni. Lakini nilipomwona Kirikuu anayumba, nilikisia. Daktari alipouliza mara ya mwisho, Asmahani alinitazama, na mimi nikazitazama kandambili zangu. Mtoto wa miaka kumi na miwili alisimama mbele ya watu akasema ukweli. Mzee wa miaka sabini na moja alingoja mpaka akadakwa.

"Kwa nini hukunitaja siku ile?" nilimwuliza.

"Daktari aliuliza amekula nini," Asmahani alisema. "Hakuuliza nani alinidanganya. Nilingoja useme mwenyewe."

Basi nimesema. Mkubwa anayemwambia mtoto jambo asilolijua amemlisha maganda, hata kama wote wanacheka. Hadithi zangu sitaziacha, maana nimezeeka nazo. Lakini siku hizi kila nikimaliza nasema waziwazi: hii nimetunga, msijaribu nyumbani.

Na mwezi wangu naulipa. Kila asubuhi napanda mlima na mundu, naipita chemchemi, nakata. Jana mgongo ulinigomea. Nikakata fungu zuri la bondeni, nikalisafisha kwa maji, nikalifunga likapendeza. Asmahani akalipokea, akalinusa.

"Shikamoo, babu. Umekata wapi haya?"

Nikafungua mdomo. Mlima wote ulikuwa ulimini mwangu, tayari na umande wake. Kirikuu akapiga sikio lake lililochanika, ananitazama.

"Bondeni," nikasema.

"Asante kwa kusema, babu," alijibu, akaniwekea mundu mkononi. "Nitakushikia kofia yako mpaka urudi."

Nimebakiza siku kumi na tisa.